Nakisi ya Bajeti na Pato la Taifa: Hesabu Itazamwapo kutoka Naivasha

Tarehe 12 Juni 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, alisimama mbele ya Bunge la Taifa akasoma makadirio ya mwaka wa fedha wa 2025/26: matumizi ya shilingi trilioni 4.29, mapato ya shilingi trilioni 3.32, na baada ya kuongezwa misaada michache itokayo nje, pengo la shilingi bilioni 923, ambalo alilieleza kuwa ni asilimia 4.8 ya pato la taifa. Katika maelfu ya tarakimu zilizomo ndani ya vitabu vya bajeti, hiyo asilimia ndiyo ishikwayo na magazeti, ndiyo wakubwa wa Shirika la Fedha la Kimataifa waitazamayo kwanza, na ndiyo mawaziri hujisifia nayo ikishuka na wapinzani huwasutia nayo ikipanda. Walakini raia wa kawaida, ambaye mzigo wenyewe humwangukia yeye, aghalabu huisikia akaiacha ipite. Nia yangu ni kuichunguza kwa taratibu, na mahali pa kuichunguzia nimepachagua Naivasha, kwa kuwa ni vigumu kupata pembe nyingine ya Kenya ambapo karibu kila jambo ambalo serikali hukopa kwa ajili yake, na karibu kila mtu ambaye hutozwa ili deni lilipwe, huonekana kwa jicho moja chini ya mlima mmoja, mlima Longonot.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo ya barazani huyachanganya. Nakisi ni upungufu wa mwaka mmoja, yaani kile ambacho serikali imetumia kupita ilichokusanya. Deni ni limbiko la pungufu za miaka yote iliyotangulia ambazo bado hazijalipwa. Serikali yaweza kupunguza nakisi na huku deni likiendelea kukua, maadam nakisi haijafika sufuri. Kwa hiyo msemaji anayetangaza kwamba nakisi imeshuka hasemi uongo, wala hasemi kwamba tumeanza kulipa tunachodaiwa.

Jambo la pili ni kile kipimo chenyewe. Kwa nini upungufu wa serikali upimwe kwa pato la taifa zima, na usipimwe kwa mapato ya serikali? Sababu yake ina maana: taifa ndilo litozwalo kodi, na ukubwa wa shughuli zake ndio mpaka wa mbali wa uwezo wa kulipa. Lakini mpaka wa mbali si mkono wa karibu. Tuseme mtu amekopa magunia matano ya mahindi katika kijiji kinachovuna magunia mia. Kwa kijiji deni hilo ni dogo, ila mdaiwa hamiliki kijiji, ana shamba lake tu, na shamba hilo likiwa huvuna magunia kumi na saba, basi amekopa zaidi ya robo ya mavuno yake. Hiyo ndiyo hali ya Hazina ya Taifa katika makadirio ya 2025/26, kwani bilioni 923 ukizigawa kwa mapato ya trilioni 3.32 utapata karibu asilimia 28. Asilimia 4.8 na asilimia 28 ni fedha zile zile. Ya kwanza humpoza moyo msikilizaji, ya pili humwamsha.

Na si kila tone la pato la taifa huteremkia katika ndoo ya mtoza kodi. Naivasha yenyewe ni ushahidi. Maua yalimwayo kandokando ya Moi South Lake Road na kusafirishwa kwa ndege mpaka masoko ya Uholanzi huhesabiwa yote katika pato la taifa, lakini kwa kuwa ni bidhaa ziendazo nje, hayatozwi ushuru wa ziada ya thamani, VAT. Na kinyume chake, mkulima hudai arudishiwe VAT aliyolipa katika pembejeo zake. Mboga za mkulima mdogo wa Kinangop, samaki wa ziwani, duka la mabati la Karagita na bodaboda wa Kamere, vyote hivi vimo katika pato la taifa kwa makisio, na vingi havimo katika daftari la Mamlaka ya Ushuru. Mwenye mshahara rasmi, kwa upande wake, hana pa kukimbilia. Mchuma maua ambaye ujira wake haufiki kiwango cha kutozwa kodi ya mapato hukatwa hata hivyo, kuanzia shilingi yake ya kwanza, asilimia 1.5 ya ada ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya, na akipanda matatu hulipa ndani ya nauli ile VAT ya mafuta iliyopandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16.

Hali kadhalika, chini ya kila asilimia lipo pato lililokadiriwa, na makadirio yana waandishi wake. Mwezi Septemba 2014 Shirika la Takwimu la Kenya lilibadili mwaka wa msingi wa hesabu zake kutoka 2001 hadi 2009, pato la mwaka 2013 likaongezeka kwa robo nzima kwa siku moja, na Kenya ikaingia katika orodha ya nchi za kipato cha kati cha chini pasipo mtu yeyote kuvuna hata debe moja zaidi. Mwezi Septemba 2021 msingi ulibadilishwa tena, pato likaongezeka tena, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Kazi hiyo ya wanatakwimu ilikuwa ya haki, kwa maana uchumi ulikuwa umekwisha kupata shughuli mpya ambazo vitabu vya kale havikuzijua. Walakini matokeo yake ni kwamba nakisi na deni vilionekana vyepesi zaidi, na nafasi ya kukopa ikaonekana kupanuka, ilhali riba ya kila deni ilibaki ile ile mpaka senti.

Juu ya kiasi gani cha nakisi ni salama, ulimwengu umezoea kutaja asilimia 3. Nchi za Ulaya ziliiandika katika mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992, na marais wa Afrika ya Mashariki wakaikubali walipotia saini itifaki ya umoja wa fedha mjini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, pamoja na kikomo cha deni cha asilimia 50 ya pato kwa thamani ya sasa. Hakuna siri ya maumbile iliyojificha ndani ya 3. Iliyopo ni hesabu ambayo kila msomaji aweza kuifanya kwa kalamu. Pato la Kenya kwa bei za soko lilikuwa karibu trilioni 15 mwaka 2023 na trilioni 16.2 mwaka 2024, yaani lilikua kwa karibu asilimia 8, kupanda kwa bei kukiwa ndani yake. Ikiwa ukuaji huo utadumu na nakisi ikawa asilimia 5 kila mwaka, deni litaelekea karibu asilimia 67 ya pato na kusimama hapo. Nakisi ikiwa asilimia 3, deni litasimama karibu na 40. Mwishoni mwa Juni 2025 deni la Kenya lilikuwa shilingi trilioni 11.8, zaidi kidogo ya theluthi mbili za pato. Tumesimama basi pale pale ambapo hesabu ilisema tutasimama, na mwenye kustaajabu hakuifanya. Swali lililobaki ni kama mahali hapo pakalika, kwa riba tunayotozwa. Nami naona hapakaliki, kwa sababu nitakazozieleza baada ya kutazama jinsi tulivyofika.

Historia ya Naivasha katika jambo hili ni kongwe kuliko dola ya Kenya yenyewe. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikapita hapa kabla ya kufika Kisumu mwezi Desemba 1901, iligharimu kiasi cha pauni milioni tano na nusu, zikalipwa na walipa kodi wa Uingereza baada ya mabishano makali katika Bunge lao. Wakati huo Naivasha ilikuwa katika jimbo la mashariki la Himaya ya Uganda, hata ilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Himaya hiyo haikuweza kujilisha. Mapato yake hayakutosha matumizi mwaka baada ya mwaka, na Hazina ya London ikawa inaziba pengo kwa ruzuku. Ili ruzuku ikome, watawala walitoza kodi ya kibanda, wakawaita walowezi, na wakawahamisha Wamaasai kutoka malisho ya Bonde la Ufa. Naitaja habari hiyo si kwa kutonesha kidonda kisichohusika, bali kwa kuwa ndipo lilipoonekana kwa mara ya kwanza katika nchi hii jambo litakalojirudia: kazi kubwa hujengwa kwa fedha za wengine, na bei yake hulipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Baada ya uhuru Hazina ilikwenda kwa tahadhari kwa miaka kumi hivi. Bei ya kahawa ilipopaa mwaka 1976 na 1977, serikali ilipanua matumizi yake, na bei ilipoanguka, na ya mafuta ikapanda mwaka 1979, matumizi hayakukubali kurudi chini. Mwaka 1980 Kenya ikachukua mkopo wake wa kwanza wa kurekebisha uchumi kutoka Benki ya Dunia. Mambo yalifikia ubaya wake katika uchaguzi wa 1992, wahisani walipokuwa wamefunga mikono tangu Novemba 1991, kashfa ya Goldenberg ikiwa inaifilisi Hazina, na pengo likazibwa kwa kuchapa noti: mwaka 1993 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 46, na riba ya hati za muda mfupi za Hazina ikavuka 70. Kizazi kile kilijifunza kwamba nakisi isiyolipwa kwa kodi wala kwa mkopo hulipwa sokoni, na mlipaji wake ni mnunuzi wa unga. Katika utawala wa Mwai Kibaki, mtu aliyepata kushika Wizara ya Fedha kwa zaidi ya miaka kumi, makusanyo ya kodi yaliongezeka na uzito wa deni juu ya pato ukapungua, hata ikawezekana kuendesha bajeti kwa sehemu kubwa ya fedha za ndani.

Kuanzia mwaka 2013 mwendo ulibadilika. Serikali mpya ilikuwa na hoja isiyoweza kupuuzwa, nayo ni kwamba nchi isiyo na barabara, umeme na reli haitajirika, na kwamba kungoja mpaka fedha zipatikane ni kukubali umaskini kama urithi. Juni 2014 Kenya iliuza hatifungani yake ya kwanza katika masoko ya dunia, dola bilioni 2. Ikachukuliwa pia mikopo ya China kwa ajili ya reli ya kisasa. Na katika mwaka wa fedha wa 2016/17 nakisi ilifika karibu asilimia 9 kwa hesabu za wakati ule. Deni lililokuwa chini kidogo ya trilioni 2 mwezi Juni 2013 lilikuwa limepita trilioni 8 na nusu mwezi Juni 2022. Janga la korona lilichangia, na katika mwaka wa 2020/21 nakisi ilikuwa asilimia 8.2, lakini wakosaji ni wale wasemao kwamba korona ndiyo iliyolileta deni, kwani ilipokuja ililikuta limekwisha kukaa.

Hapa ndipo Naivasha inapotufaa kupita jedwali lolote, kwa sababu inatuwekea kazi mbili za mkopo zilizo karibu karibu, na matunda yao hayafanani.

Ya kwanza ni mvuke wa Olkaria. Visima vilichimbwa kwa fedha za wakopeshaji wa kimataifa, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kutoa umeme mwaka 1981, na kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu yenye jumla ya megawati 45. Kisha kazi ilipungua kasi, ikaamka tena. Mwaka 2014 ukafunguliwa mtambo wa Olkaria IV wa megawati 140, na mwaka 2019 Olkaria V kwa mkopo wa Japani. Leo mvuke wa ardhini, ambao sehemu yake kubwa hutoka hapa, hutoa karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya, katika miaka ya ukame kama katika miaka ya mvua. Mkopo wa namna hii huongeza deni kwa mkono mmoja na pato kwa mkono wa pili. Hurudishwa na mteja anayelipia umeme, na wala haumngoji Waziri aje na kodi mpya. Sisemi kwamba haukuwa na madhara: Wamaasai waliohamishwa kwa ajili ya Olkaria IV walipeleka malalamiko yao Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ardhi waliyoiacha haimo katika hesabu yoyote ya nakisi. Wala si kila kisima cha mvuke kimekuwa na bahati hiyo. Kule Menengai, juu ya mji wa Nakuru, kampuni ya serikali ilianza kuchimba mwaka 2011 kwa fedha za umma na za mikopo, na mtambo wa kwanza haukuanza kutoa umeme mpaka 2023. Miaka yote hiyo mvuke ulikuwapo na riba ilikuwapo, umeme haukuwapo.

Ya pili ni reli. Tarehe 16 Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kipande cha kilomita 120 kutoka Nairobi, kilichojengwa kwa mkopo wa dola zipatazo bilioni 1.5 kutoka Benki ya Exim ya China. Kiitwacho reli ya Naivasha hakifiki mjini Naivasha. Kinakoma katika uwanda wa Suswa na Mai Mahiu, ambapo palijengwa bandari kavu. Kusudio lilikuwa kuendelea mpaka Kisumu na Malaba, kwani hapo ndipo ilipo shehena ya Uganda, Rwanda na Kongo ambayo kwayo hesabu zote za faida zilijengwa. Lakini mwezi Aprili 2019, ujumbe wa Kenya ulipokwenda Beijing, mkopo wa kipande cha Kisumu haukupatikana. Reli ikabaki imekatika katikati ya safari. Mwaka 2020 serikali iliamuru shehena ya nchi jirani ipakuliwe Naivasha, wafanyabiashara wakanung'unika kwa gharama, na baadaye ikabidi kujenga kiungo cha kuiunganisha bandari kavu na reli ya zamani pale Longonot, ili njia ya karne ya ishirini na moja iweze kumkabidhi mzigo mzee wa mwaka 1901. Mkopo, kwa upande wake, haukukatika katikati. Muda wake wa neema ulipokwisha ulianza kudai, kwa dola, na katika mwezi wa Januari 2024 dola moja ilikuwa yakaribia shilingi 160. Mwezi Oktoba 2025 Hazina ilitangaza kuigeuza mikopo ya reli kutoka dola kuwa yuan, ikitaraji kuokoa dola milioni 215 kwa mwaka. Ni hatua njema, nayo yaonyesha pia jinsi sharti za mwanzo zilivyokuwa nzito.

Katika kitabu cha nakisi shilingi ya Olkaria na shilingi ya Suswa huandikwa kwa wino ule ule. Hilo ndilo pungufu kubwa la asilimia tunayoizungumzia: haijui kilichonunuliwa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 ilijaribu kuliponya kwa kuamuru kwamba, katika kipindi cha miaka michache michache, serikali ikope kwa ajili ya maendeleo tu wala isikope kwa matumizi ya kawaida. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 201, inataka mizigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa insafu baina ya kizazi kilichopo na kijacho. Naivasha ina fungu lake katika Katiba hiyo, kwa kuwa ndipo ilipoketi kamati teule ya Bunge mwezi Januari 2010 ikaamua mfumo wa urais na ngazi mbili za serikali. Sheria basi tunayo, tena nzuri. Lakini neno maendeleo ni pana, na reli isiyofika huitwa maendeleo sawasawa na umeme unaowaka.

Nirudi sasa kwenye ahadi yangu. Katika makadirio ya 2025/26 riba peke yake inakisiwa kuwa karibu shilingi trilioni 1.1, nayo ni kubwa kuliko nakisi yote ya bilioni 923. Maana yake ni hii: ukiziweka riba kando, serikali ya Kenya katika mwaka huo haitumii kupita kipato chake, inakusanya zaidi ya inachotumia kwa walimu, askari, hospitali, barabara na kaunti. Nakisi tunayoisikia ni riba ya nakisi za zamani, inayokopewa upya. Mwananchi anapoambiwa kwamba serikali inaishi kupita uwezo wake hudhani kwamba anapata huduma asizozilipia, kumbe analipia huduma zake zote na juu yake analipia miaka iliyopita. Ndiyo sababu kodi hupanda na dawa hazionekani, na hasira yake ina msingi katika hesabu. Na kwa kuwa riba hiyo ikigawanywa kwa deni lote inafika asilimia 9 na zaidi, wakati pato linakua kwa 8, deni lina mwendo wa kujikuza lenyewe hata mawaziri wakijinyima. Kwa sababu hiyo nilisema kwamba mahali tuliposimama hapakaliki.

Riba hiyo humwendea nani? Fikra iliyoenea ni kwamba inakwenda kwa Wachina. Sivyo. Zaidi ya nusu ya deni ni la ndani ya nchi, na sehemu kubwa zaidi ya riba hulipwa humu humu, kwa mabenki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima na watu wenye akiba. Mwezi Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi, na mwezi huo huo ikauza nyingine katika masoko ya nje kwa asilimia 9.75 ili kulipa ile ya 2014 iliyokuwa inakaribia muda wake. Benki iliyopata 18 bila hatari kutoka Hazina ilikuwa na haja gani ya kuhangaika na mama wa Naivasha aliyetaka jokofu la samaki, au kijana aliyetaka nyumba ya plastiki ya kulimia nyanya? Aliambiwa riba ni ishirini na kitu, alete rehani, naye hakuwa nayo. Pato ambalo angelizalisha halikuzaliwa. Kwa hiyo nakisi hukuza deni, na papo hapo hudumaza lile pato ambalo deni hupimwa kwalo.

Jaribio la kutoka katika tanzi hili kwa kodi lilikomea tarehe 25 Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, na nakisi ishushwe hadi asilimia 3.3. Vijana waliingia barabarani katika miji mingi, Nakuru ukiwamo, Bunge likavamiwa, makumi ya watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada. Mwaka wa fedha wa 2024/25 ulimalizika kwa nakisi iliyokaribia asilimia 6. Wapo wataalamu waliosema kwamba vijana hawakuielewa hesabu. Naona waliielewa vyema: walikuwa wanatakiwa walipe kwa ajili ya mikopo iliyochukuliwa wakiwa shuleni, na hakuna aliyewaonyesha kila mkopo ulinunua nini. Ambaye hawezi kutoa hesabu ya deni la kwanza hana haki ya kukasirika akinyimwa la pili.

Tangu siku hiyo serikali, ikiwa imezuiwa kodi kwa upande mmoja na imebanwa na wakopeshaji kwa upande mwingine, imezidi kutafuta njia ambazo haziandikwi katika nakisi, na juu ya njia hizo nina hofu kuliko juu ya nakisi yenyewe. Hesabu ya nakisi hufanywa kwa fedha zilizotoka mkononi. Mkulima wa maua anayengoja marejesho yake ya VAT kwa miezi au miaka ameikopesha serikali bila riba na bila hiari, na katika vitabu nakisi imepungua kwa kiasi hicho. Mkandarasi ambaye hajalipwa, naye kadhalika. Malimbikizo ya serikali ya kitaifa yamefika mamia ya mabilioni. Kaunti ya Nakuru inapocheleweshewa mgao wake, wahudumu wa afya hukaa bila mishahara na muuza dawa hukataa kupakua gari lake, ilhali huko Nairobi mwezi umefungwa kwa tarakimu za kupendeza. Na matengenezo ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa kuwa mfereji usiozibuliwa haupigi kelele. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, pale juu ya Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kongwe, njia yake ya chini ikiwa imezibika, yalilivunja tuta yakaviteremkia vijiji watu wakiwa wamelala, na makumi wakafa. Sisemi kwamba fungu fulani la bajeti lingeliwaokoa, maana sina ushahidi wake. Nasema tu kwamba taifa lina madeni mengine ambayo hayatajwi siku ya bajeti, nayo ni madaraja, mifereji na matuta yaliyoachwa kuchakaa.

Mfano wa hivi karibuni zaidi ni barabara. Tarehe 28 Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara ya Rironi, Naivasha, Nakuru hadi Mau Summit pamoja na ile ya Mai Mahiu, baada ya mkataba wa awali na kampuni za Ufaransa kuvunjwa. Sasa wajenzi ni kampuni za China, na pamoja nao imeingia NSSF, yaani akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Gharama itarudishwa kwa tozo ya kila kilomita. Barabara hii inahitajika, na mtu aliyekesha katika msongamano wa Gilgil siku za Desemba hahitaji kuhubiriwa. Lakini deni lake halitaandikwa kuwa nakisi, ingawa litalipwa na Wakenya wale wale: msafiri atalipa kwa tozo, mla viazi vya Kinangop atalipa sokoni, na kama magari yatapungua kuliko ilivyokisiwa, mstaafu atalipa kwa pensheni yake.

Njia hiyo imekwisha kutumika kwa tozo ya mafuta. Kati ya shilingi 25 zinazotozwa kila lita kwa ajili ya matengenezo ya barabara, shilingi 7 zimewekwa dhamana ili kupata bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wanadai, na mabishano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa juu ya kama fedha hizo zihesabiwe kuwa deni au zisihesabiwe. Mimi naona hakuna haja ya mabishano: fedha zilizopokewa leo na zitakazorudishwa kesho kwa kodi ya umma ni deni la umma. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka deni lishuke hadi asilimia 55 ya pato kwa thamani ya sasa ifikapo Novemba 2028, na kadiri tarehe hiyo inavyokaribia ndivyo kishawishi cha kuyaita madeni kwa majina mengine kitakavyozidi.

Na reli nayo imo njiani kufuata mkondo huo. Serikali imetangaza kwamba kipande cha kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba kitajengwa kwa kuweka rehani makusanyo yajayo ya Tozo ya Maendeleo ya Reli, ile asilimia 2 inayotozwa juu ya bidhaa ziingiazo nchini. Huenda reli ikifika mpakani ikapata ile shehena iliyoikosa kwa miaka yote iliyokaa Suswa, na kipande kilichokufa kikafufuka. Ningefurahi kuliona hilo. Lakini mradi huo wastahili kupimwa hadharani kama mkopo, kwa riba yake, muda wake na makisio yake ya mizigo, mbele ya Bunge lenye haki ya kuukataa. Makusanyo ya miaka mingi ijayo yakiuzwa leo, wabunge watakaochaguliwa mwaka 2027 watakuta fungu hilo limekwisha kugawiwa nao hawana neno juu yake, ilhali katika kitabu cha makadirio watakachokabidhiwa nakisi itakuwa imeandikwa kwamba imepungua.